Naomba ushauri: je, maswali haya yanatosha kumpata msimamizi wa duka?

Mwenye Duka: Habari zenu wanajamvi. Nina duka la jumla Kariakoo, nataka kufungua la pili Mbagala, na natafuta msimamizi awezaye kuwaza atakachofanya mshindani kabla hakijafanyika. Niliwapima vijana wawili: daftari na kalamu ni shilingi 1,100, daftari likiizidi kalamu kwa 1,000, je, kalamu ni bei gani? Mmoja alisema 50, mwenzake 100. Kisha kila mmoja alitaja namba kati ya 0 na 100, ashinde atakayeikaribia theluthi mbili ya wastani. Wa kwanza alitaja 18, wa pili 50. Je, nimchukue wa kwanza? Usingizi hauji.

Mwalimu Mstaafu: Swali la kalamu ni la namna ya jaribio la Shane Frederick la mwaka 2005, lenye maswali matatu, ambalo hupima kama mtu hulikagua jibu la kwanza linalomjia: hapa linalomjia mtu haraka ni 100, lakini sahihi ni 50. Mchezo wa namba aliuchunguza Rosemarie Nagel katika makala ya mwaka 1995: anayedhani wengine watataja 50 hutaja 33, anayewaza hatua moja zaidi hutaja 22, na mwisho wa hesabu hiyo ni 0. Tafiti zimeona kwamba wanaofaulu maswali ya Frederick huelekea kutaja namba ndogo. Hata hivyo, wakicheza wawili tu, namba ndogo hushinda daima, hivyo hakuna haja ya kumkisia mwenzako. Walicheza wangapi?

Bibi wa Temeke: Mimi niliajiri kijana hodari wa hesabu, na mauzo ya jioni hayakuwahi kulingana na daftari. Tafuta mwaminifu kwanza, mwanangu.

Mdadisi: Huyo wa 18 ni nani kwako? Maswali haya yamezagaa mtandaoni, aliwahi kuyaona?

Mwenye Duka: Walicheza wawili tu. Ni shemeji yangu, tunaishi naye, na maswali niliyaandika kwenye kompyuta anayoitumia. Lakini hata aliyeyaona hana budi kuyaelewa, tena nimeshamkabidhi funguo.

Kijana wa Ilala: Samahani, hii naiona ni chai. Aliyekwisha kutoa funguo anaomba ushauri wa nini?

Mwalimu Mstaafu: Iwe kweli au imetungwa, kipimo kinarekebishika. Wakusanye wafanyakazi wote, tumia maswali mapya, na kila mmoja aandike kwa nini amechagua namba yake. Anayewafikiria wenzake utamjua kwa sababu atakazotoa.

Mwenye Duka: Nitawaita Jumamosi, Mwalimu. Funguo zitabaki kwake hadi hapo.