Babu ameacha ngoma, mjomba anataka zichomwe eti zina mashetani. Wazoefu wa Newala, Mtwara na Lindi naombeni ushauri

Mjukuu_Kitangari
Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa Kitangari, tumemaliza arobaini ya babu mzaa mama. Mzee alikuwa mpigaji tangu ujana, kaacha ngoma za vinganga tatu, ngoma ya likuti na manyanga ya kutikisa, jando nyingi za huku kapiga yeye. Sasa mjomba ameokoka na anasema vyote vichomwe kabla ya jumapili maana ndani yake kuna mashetani, na nyie mnajua kwetu mjomba akisema kasema. Mama mkubwa kaweka mkeka mlangoni pa chumba chenye ngoma, tangu juzi analala hapo hapo.

Mimi ningesema mjomba anakosea tu yakaisha, ila kuna kitu nilikiona nikiwa darasa la nne na mpaka leo sijakisahau. Shangazi yangu alipungwa pepo kule Mikindani, alifunikwa shuka jeupe, ubani unafuka chumba kizima, wakapiga mdundo wa kwanza kimya, wa pili kimya, walipobadilisha mara ya tatu akaanza kutetemeka mabega halafu akasimama anaongea kwa sauti nzito ya kiume, na shangazi ni mtu mpole hata kuku hamfokei. Sasa nguvu ile ilikuwa wapi, kwenye ngoma, kwenye mdundo au ndani ya shangazi mwenyewe? Maana kama iko kwenye ngoma basi mjomba ana haki. Halafu mdogo wangu naye kila usiku anavaa hedifoni anasikiliza miziki ya 432, anasema inafungua roho, sasa hilo nalo sijui nilipeleke wapi. Nisaidieni, siku zimebaki 2.

Fundi_Nanyamba
Pole kwa msiba ndugu yangu. Mimi ni mpigaji, mwaka wa 22 huu, nimepiga jando, nimepiga mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, nimepiga na kwenye pepo.

Ngoma ni gogo limechongwa likawambwa ngozi basi. Ngoma yangu hiyohiyo mchana inapigwa kwenye mkutano wa siasa watu wanacheza sindimba, wanacheka, wanakwenda zao kula, na haijawahi kupandisha mtu. Usiku ikienda kwenye uganga mtu anapanda. Ingekuwa shetani anakaa ndani ya gogo angetoka hata ule mchana.

Hapo kwenye mdundo wa tatu umeona vizuri. Kila pepo ana pigo lake na nyimbo zake, sasa mgonjwa akiwa chini ya shuka hatujui ana nani, tunajaribu mmoja baada ya mwingine. Mpigaji haangalii ngoma, anaangalia mtu, vidole vya miguu, mabega, pumzi. Ukiona bega limeitikia unakaa hapohapo, huongezi mbwembwe, unakaza taratibu na waimbaji wanakufuata. Ukiharakisha unampoteza na itabidi uanze upya. Hiyo kazi mtu anajifunza miaka, na hiyo ndiyo babu yako alikuwa nayo. Kaenda nayo, vilivyobaki chumbani ni vyombo vyake.

Na mapiko hivyo hivyo. Zamani wanawake na watoto waliambiwa lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, ni mzimu umetoka kaburini, na kilichowafanya waamini si kinyago peke yake, ni ngoma inavyojibizana na miguu ya yule mchezaji, hakosei hata hatua moja. Kinyago kilichotundikwa ukutani hakimtishi mtu.

Mwl_Lindi
Fundi kasema kweli na niongezee kidogo maana hili jambo nimelifuatilia muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Andrew Neher, aliandika kwamba mapigo ya ngoma yanavuta mawimbi ya ubongo mpaka mtu anatoka kwenye hali yake ya kawaida. Watu wengi walilipenda wazo hilo. Mwaka 1980 Mfaransa Gilbert Rouget akalipinga kwa hoja nyepesi sana, ingekuwa ni mdundo wenyewe unafanya kazi basi nusu ya Afrika ingekuwa imepandisha mwaka mzima. Na mpigaji mwenyewe anapiga usiku kucha yuko timamu, anayepanda ni yule anayejua kwamba ule wimbo ni wake. Kwa hiyo muziki unaita, anayeitika ni mtu na mila yake.

Mwili nao una sehemu yake, tusidanganyane. Mtu hajalala, hajala, moshi wa ubani, watu wamejazana chumba kidogo, anapumua haraka haraka. Hata kwenye dhikri za Qadiriyya, ile tariqa ya Waislamu, hapa Lindi, ile pumzi ya pamoja inambadilisha mtu na hakuna hata ngoma moja.

Wazungu nao wanayo mambo haya. Mwaka 1910 pale London, Aleister Crowley alifanya ibada zake za kichawi ukumbini mbele ya watu, kulikuwa na mashairi, ubani na mwanamke anaitwa Leila Waddell anapiga fidla. Ukivitazama vifaa ni vilevile vya Mikindani.

Huyo mdogo wako mwambie hivi. Hiyo 432 ni hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, za noti ya la, kipimo cha kawaida cha leo ni 440, kilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939 na kabla ya hapo vipimo vilitofautiana mahali na mahali. Tofauti ya 440 na 432 haifiki hata nusu ya nusu-toni, ile hatua ndogo ya noti moja hadi inayofuata, ni kama theluthi yake. Ngoma ya babu yenu ikikanzwa motoni inaweza kupanda kuzidi hapo, na ikipigwa na umande inashuka tena. Kama muziki unampa usingizi asikilize, hilo ni jema, ila asitafute siri kwenye namba.

Dada_Masasi
Bwana asifiwe. Mimi nimeokoka na nasema usichome. Baba yangu alipofariki tulichoma zake kwa kuambiwa na mtumishi, kwa miezi michache nilikuwa na amani, baadae ikabaki hamu ya kusikia ile sauti na hakuna pa kuisikia. Mjomba wako msimbishie mbele za watu, mtamkaza moyo. Kaeni naye pembeni mkumbusheni kwamba hapa Masasi Waanglikana wa wakati wa askofu Vincent Lucas waliiingiza jando kanisani badala ya kuipiga marufuku, na leo nenda misa nyingi za Wakatoliki ngoma zinalia wakati wa sadaka. Ya pepo mwacheni aikatae, ni haki yake. Kuchoma gogo ni kitu kingine.

Mjukuu_Kitangari
Wakuu asanteni sana, mrejesho. Jana usiku nilimsomea mjomba maneno ya Fundi, yale ya ngoma kupigwa kwenye mkutano wa siasa, alinyamaza muda mrefu halafu akasema zisichomwe ila nyumbani kwake haziingii na manyanga hataki hata kuyaona. Tumekubaliana ziende Tandahimba kwa binamu, ana kikundi cha sindimba.

Nimempigia na shangazi Mikindani, miaka yote sijawahi kumuuliza. Kasema ngoma haikumbuki kabisa, anachokumbuka ni mwanamke mmoja katika waimbaji aliimba wimbo ambao marehemu bibi yake alikuwa anamwimbia wakienda kisimani, baada ya hapo hajui kilichotokea mpaka alfajiri. Nimeshindwa kumjibu, nimekaa na maneno yake tu.

Fundi swali la mwisho, ngozi ya likuti imelegea na panya wameanza kuila pembeni, niiwambe upya hukuhuku kabla ya safari au nimwachie binamu?

Fundi_Nanyamba
Mwachie binamu, njiani itatikisika sana. Ifunge kwa gunia kavu, usiweke nailoni, itatoa jasho ioze. Na mama mkubwa apande gari hilohilo na ngoma.