Laki nane za mirathi: ninunue dhahabu au niziache shilingi? Nipo Lamu

BintiLangoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wenye kuelewa, na mnijibu kama mnavyomjibu dada yenu wa tumbo moja.

Mama yetu alifariki, Allah amrehemu, na shamba lake la miembe huko Hindi, Lamu bara, tumeliuza sote kwa ridhaa. Fungu langu limefika shilingi laki nane, ziko benki. Mume wangu ni mvuvi. Upepo wa kusi ukivuma, bahari huchafuka na miezi hupita haingii kitu cha maana, kwa hivyo najua pesa hizi zitaguswa. Kijana wetu mkubwa yuko kidato cha tatu, akijaaliwa atataka karo ya chuo hivi karibuni. Zinazobaki sina haraka nazo. Nia yangu ni Hija, mimi na mume wangu, hata ikiwa ni baada ya miaka kumi.

Kakangu aliyeko Muscat anasema shilingi ni barafu juani, nizigeuze zote dhahabu. Mume wangu anasema dola. Halafu kuna bwana kwenye kundi la WhatsApp anayedai ana dhahabu ghafi kutoka Migori kwa nusu ya bei ya dukani. Nimekwenda kwa sonara pale Usita wa Mui kuulizia bangili, na bei niliyotajiwa imenitia hofu. Kwa bei hii kweli ni wakati wa kununua? Na nikinunua, siku ya kuuza nitamuuzia nani hapa kisiwani?

MwanaWaSonara

Wa aleikum salaam. Pole kwa msiba, dada.

Nianze na swali lako la mwisho, maana wengi huliuliza wakiwa wameshanunua. Nimekulia kwenye duka la sonara, na ninachokwambia ndicho ninachokiona mezani. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Ichukue bei ya siku hiyo kwa dola, igawe kwa 31.1, zidisha kwa bei ya dola kwa shilingi. Hiyo ni gramu moja ya karati 24, yaani dhahabu safi. Ukitaka karati 22 zidisha tena kwa 0.916. Mfano: aunsi ikiwa dola 4,000 na dola ikiwa shilingi 129, gramu ya karati 24 ni kama 16,600 na ya karati 22 ni kama 15,200. Usitoke nyumbani bila kufanya hesabu hii kwa bei ya siku yenyewe.

Sasa, bangili hutaipata kwa 15,200. Kuna ujira wa fundi, kuna faida ya duka. Tuseme umeinunua kwa 18,000 kwa gramu. Siku ukirudi kuuza, ujira ule haurudi. Sonara anakupimia uzito, anatoa vijiwe na rangi, anakata kidogo kwa ajili ya lehemu na moto wa kuyeyusha, anakupa tuseme 14,000. Ili urudishe pesa zako tu, bila faida hata senti, bei ya dunia lazima ipande zaidi ya robo. Kipande chenye nakshi nyingi ndicho kinachokula zaidi. Kwa hivyo ikiwa unaweka akiba, nunua mzigo mtupu: kipande cha mche, yaani dhahabu tupu isiyofanywa pambo, chenye muhuri wa 999 (karati 24), au bangili nzito isiyo na kazi wala kijiwe, yenye muhuri wa 916 (karati 22). Uvae au usivae, nunua uzito.

Kuhusu wa kumuuzia: hapa Lamu, gramu tano au kumi utauza siku hiyo hiyo. Ukija na gramu sitini kwa mpigo, sonara wengi hawana pesa taslimu kiasi hicho, na atakayejitolea atakushusha bei kwa sababu anajua huna pa kwenda. Mzigo mkubwa unauzwa Mombasa. Kwa hiyo hata ukinunua vipande vya mche, chukua vidogo vidogo, siku ya dhiki uuze kimoja na vingine vibaki. Na risiti iandikwe uzito, karati na tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kaskazi_Njema

Huyo wa Migori mkimbie leo. Mwenye dhahabu halisi hana sababu ya kuiuza nusu bei wakati kila sonara wa Mombasa atamlipa karibu na bei ya dunia asubuhi hiyo hiyo. Na hata ikiwa halisi, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016 biashara ya madini ghafi inataka leseni, na wewe huna. Watakuonyesha kipande cha kweli kwanza, upime, uridhike, kisha utakachobeba nyumbani ni kingine. Toka kwenye kundi hilo.

Mwalimu_Malindi

Dada, kaka yako hajakosea kuhusu shilingi. Mwaka 1966 sarafu yetu ilipoanza, dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kidogo, na aunsi ya dhahabu ilikuwa dola 35. Yaani aunsi nzima kwa shilingi mia mbili na hamsini hivi. Leo hata gramu ya vumbi lake huipati kwa pesa hizo. Mwanzoni mwa 1993 dola ilikuwa chini ya shilingi 40, na kufikia katikati ya mwaka huo ilishavuka 60. Mfumuko wa bei mwaka ule ulifika kama asilimia 46. Na mojawapo ya sababu ni kashfa ya Goldenberg, ambapo serikali ilikuwa ikilipa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje ilhali nchi haikuwa na mzigo kama huo. Dhahabu ya makaratasi iliumiza akiba za watu ambao hawajawahi kuishika.

Lakini kaka yako anasimulia nusu. Januari 1980 dhahabu ilifika kama dola 850 kwa aunsi. Kufikia 1999 ilikuwa karibu dola 250. Aliyenunua kileleni alingoja hadi 2008 kuiona bei yake tena, na dola za 2008 hazikuwa na nguvu ya dola za 1980. Tena Septemba 2011 ilifika kama 1,900, na Desemba 2015 ilikuwa kama 1,050. Sasa imepanda sana, Oktoba 2025 ilivuka 4,000, na watu huvutwa na kitu kinapopanda.

Kuna jambo jingine ambalo wa nje hawalioni. Sisi tunanunua dhahabu kwa shilingi, kwa hivyo tunabeba bei mbili kwa pamoja. Januari 2024 dola ilikuwa kama shilingi 160 na aunsi kama dola 2,030. Agosti mwaka huo dhahabu ilikuwa imefika 2,500, dunia nzima ikishangilia, lakini shilingi ilikuwa imejikaza hadi 129. Piga hesabu: mwanzo kama shilingi 325,000 kwa aunsi, mwisho kama 322,000. Aliyenunua Nairobi au Lamu hakupata kitu, na ukitoa ujira wa sonara alipata hasara.

Kwa hivyo mimi ningezigawa pesa zako kwa siku zitakapohitajika. Pesa ya kusi na karo ni ya karibu. Ikae shilingi, maana karo utalipa kwa shilingi. Wakati wa karo ukikuta bei ya dhahabu imelala, utauza kwa uchungu. Ya Hija ndiyo inayoweza kungoja. Na hapo mume wako naye ana hoja: gharama za Makka hulipwa kwa riyali, na riyali ya Saudia imefungwa na dola, riyali 3.75 kwa dola moja, tangu 1986. Dola haitakuongezea, lakini shilingi ikianguka haitakuacha nyuma. Hija ningeiweka sehemu dola, sehemu dhahabu, na dhahabu yenyewe ningenunua kidogo kidogo kwa miezi mingi, si siku moja kwa bei ya siku moja.

BintiLangoni

Mwalimu, nashukuru sana, nimesoma mara mbili. Swali: za karo na kusi zikae wapi? Sitaki riba. Na wengine hapa nyumbani wananiambia nizitoe benki kabisa, nizifiche.

Fundi wa Matondoni

Usizifiche. Tarehe 1 Juni 2019 ilitangazwa kwamba noti ya elfu moja ya zamani inafutwa, na baada ya 30 Septemba mwaka ule haikuwa pesa tena. Noti milioni saba na zaidi hazikurudishwa. Nyingine bila shaka zilikuwa kwenye masanduku ya akina mama waliofariki bila kumwambia mtu.

Benki zipo zenye akaunti za mudharaba, unagawana faida badala ya kulipwa riba. Jambo moja tu la kuzingatia: bima ya amana Kenya inamlinda mwekaji hadi laki tano kwa kila benki. Wewe una nane. Ziweke benki mbili.

Nahodha_K

Mimi sikubaliani nanyi wote. Dhahabu haizai. Ikikaa miaka kumi ni gramu zile zile. Mume wako ni mvuvi, na ikiwa anatoka na dau la tanga basi mashine ya farasi 15 na jarife zuri, wavu ule mkubwa, zitamlipa kila wiki ya msimu wa kaskazi. Anayevua mbali anauza samaki ambao wa karibu hawapati. Toa hata laki mbili na nusu umpe chombo cha kazi.

MwanaWaSonara

Nahodha, hoja yako ina uzito, lakini mashine huharibika, jarife hukatika, na bahari hufungwa. Hizi ni pesa za mirathi ya mama yake. Uamuzi wa kuziingiza kwenye chombo cha mume ni wake peke yake, wala asisukumwe.

Nahodha_K

Hilo nakubali. Ziandikwe kuwa ni mkopo kwake au ni hisa yake kwenye chombo, kwa mashahidi.

Ibnu_Shela

Dada yangu, nikukumbushe mambo ya dini ambayo sonara huenda asikwambie. Dhahabu hununuliwa mkono kwa mkono: unatoa pesa, unachukua dhahabu, pale pale. Kulipa kidogo kidogo huku bangili ukiwa umeshaivaa, wanazuoni wengi wamekataza. Na usibadilishe bangili kuukuu kwa mpya kwa kuongeza pesa juu. Dhahabu kwa dhahabu ni sawa kwa sawa kwa uzito. Uza ya zamani, pokea pesa mkononi, ndipo ununue mpya.

Zaka: kiwango cha dhahabu ni gramu 85, na cha fedha, yaani yale madini meupe, gramu 595. Kwetu Mashafii, pambo linalovaliwa kwa kadiri ya kawaida halina zaka. Lakini dhahabu uliyoiweka kama akiba, kipande cha mche au bangili ya kufungia sandukuni, ikifika kiwango na mwaka ukapita, ni asilimia mbili na nusu. Hata pesa zako za sasa, kwa kipimo cha dhahabu hazifiki, kwa kipimo cha fedha zinapita mbali, na wengi hutumia cha fedha kwa sababu ndicho kinachomfaa maskini zaidi. Weka hesabu hiyo tangu sasa.

MtuWaMuscat

Nipo huku Oman, niongeze kidogo. Kaka yako akikununulia, mwambie asikuletee seti ya harusi. Oman ina kodi ya VAT ya asilimia tano tangu Aprili 2021, lakini dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 na zaidi inatozwa sifuri. Kipande cha mche cha gramu tano au kumi, kikiwa kwenye pakiti yake iliyofungwa na cheti chenye namba, ndicho kitakachouzika Mombasa bila maswali mengi. Ukifungua pakiti umepunguza thamani. Na asafiri na risiti, aitangaze forodhani.

Mwalimu_Malindi

Na kwa asiyetaka kushika kitu mkononi, Soko la Hisa la Nairobi lina NewGold tangu 2017: hisa inayofuata bei ya dhahabu iliyohifadhiwa ghalani. Hununuliwa kupitia dalali wa hisa mwenye leseni. Haina ujira wa fundi wala hofu ya mwizi. Ubaya wake ni kwamba wanunuzi na wauzaji kule ni wachache, unaweza kungoja.

BintiLangoni

Allah awalipe kheri nyote. Nimeshatoka kwenye kundi la yule bwana wa Migori. Tumekaa na mume wangu, tumekubaliana laki nne na nusu zibaki shilingi kwenye benki mbili, akaunti za mudharaba. Za Hija tutaanza na gramu tano, tuone. Suala la mashine tumeliacha hadi kusi ipite.

Bado jambo moja. Mama ameacha mkufu wa dhahabu na kekee mbili za fedha, zile bangili za kwetu, nzito, za zamani sana, alizipewa na bibi yake. Sonara mmoja ananiambia fedha haina bei, nimpe azipime kwa gramu aziyeyushe. Je, niuze ninunulie dhahabu?

MwanaWaSonara

Usimpe. Fedha kama akiba mimi siipendi, bei yake hurukaruka: ilikaribia dola 50 kwa aunsi mwaka 1980, ikaikaribia tena 2011, na haikuivuka hadi 2025. Lakini kekee ya zamani ya Lamu haiuzwi kwa gramu. Masonara wa hapa walikuwa wakiyeyusha reale, zile sarafu za Maria Theresa zenye tarehe ya 1780, ambazo fedha yake ni kama asilimia 83. Ukimpa mtu apime atakwambia si 925, yaani si fedha ya asilimia 92.5, na atakulipa kidogo, ilhali kinacholipiwa ni mkono wa fundi na umri. Zipige picha, zipime, andika, na usizisugue zing'ae.

Ibnu_Shela

Kabla ya kuuza au kutouza: hivyo vitu vimegawanywa? Shamba mmeuza na kugawa, lakini mkufu na kekee navyo ni mali ya marehemu. Warithi wote wana haki humo, na kaka yako wa Muscat pia.

BintiLangoni

Havijagawanywa, Ustadh. Vimekaa kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyemuuguza, na hakuna aliyeuliza. Nitampigia kaka usiku huu na dada zangu nitawaita, tuvipeleke kwa sonara vipimwe mbele yetu sote. Wakiridhia nizibakize kekee, nitawalipa mafungu yao kutoka kwenye hizi laki nane kabla sijanunua hata gramu moja.