Mchambuzi kijana kwenye mfuko wa mtaji wa ubia: jina linajengwaje?

Mchambuzi Mpya:

Wakuu, salaam. Nina miaka 24, nimeingia mwaka huu kama mchambuzi kwenye mfuko mdogo wa mtaji wa ubia (venture capital), yaani mfuko unaowekeza fedha za watu kwenye kampuni changa. Natafuta kampuni changa, nakaa na waasisi, nasoma hesabu zao, naandika ripoti. Baada ya hapo wabia, yaani wakuu wanaousimamia mfuko, wanajifungia na kuamua. Sina kura kwenye kamati ya uwekezaji, wala sina fedha zangu za kuwekeza pembeni. Kila nikiingia mtandaoni nakutana na orodha za wawekezaji vijana wanaotamba, wengine wadogo kuliko mimi.

Kinachonisumbua ni hiki: kampuni niliyoipendekeza leo inaweza kuchukua miaka minane au zaidi kabla haijauzwa au kuingia soko la hisa. Hadi hapo nani atajua kama nilikuwa na jicho au nilibahatisha? Naipenda kazi hii na sitaki kuifanya kwa kujionyesha.

Daftari Jekundu:

Hongera mkuu. Shika eneo moja ulijue kuliko wabia wako. Laura Deming alianzisha The Longevity Fund mwaka 2011 akiwa na miaka 17, mfuko wa kuwekeza kwenye tiba zinazohusu uzee. Akiwa na miaka 12 tu alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya Cynthia Kenyon, mwanasayansi wa masuala hayo hayo. Elimu ilitangulia, mfuko ukafuata. Harry Stebbings alipita kwingine kabisa: mwaka 2015, akiwa na miaka 18, alianza kurekodi mahojiano na wawekezaji, na mwaka 2024 akatangaza mfuko wa dola milioni 400. Usiige yeyote kati yao. Angalia wewe una nini mkononi.

Nanga:

Mdogo wangu, hilo la "nani atajua" ndilo swali lenyewe. Nimekaa kwenye kamati za uwekezaji muda mrefu na nimeajiri vijana wa rika lako, kwa hiyo nakueleza tunachotazama.

Kwanza, thamani inayopanda kutoka awamu moja ya mtaji hadi nyingine usiifanye kipimo chako. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilithaminiwa dola bilioni 45.6 mwaka 2021. Julai 2022 ikachangisha fedha kwa thamani ya bilioni 6.7. Kampuni ni ile ile. Waliotukabidhi fedha zao wanataka kujua kiasi gani kimerudi mkononi, na mkataba wa mifuko mingi ni wa miaka 10. Jibu hilo hutakuwa nalo ukiwa na miaka 26, na hakuna anayekudai.

Kinachoonekana mapema ni namna unavyofikia uamuzi. Andika. Kila kampuni uliyoichunguza kwa dhati, hata ile ambayo kamati imeikataa, weka kwenye karatasi siku hiyo hiyo: unaamini nini kitatokea, kwa nini, na ni jambo gani likitokea utakubali kwamba hoja yako imeanguka. Usiandike "soko ni kubwa, timu ni imara", maana hoja hiyo haiwezi kuanguka. Andika, kwa mfano, "wateja wataendelea kulipa baada ya mwaka wa kwanza kwa sababu mishahara ya wafanyakazi wao wote inapitia programu hii". Hilo baada ya miezi kadhaa litathibitika au litakanushwa, tena kabla kampuni haijauzwa kwa yeyote. Nikimhoji kijana, humwomba anieleze kampuni aliyoitetea ikakataliwa. Mwenye kumbukumbu huongea kwa tarehe na sababu. Asiye nayo hukumbuka tu zile zilizofanikiwa. Bessemer, kampuni ya miaka mingi kwenye fani hii, imeweka hadharani orodha ya kampuni ilizozikataa, zikiwemo Google, Apple na FedEx. Kama wao wanaweza, wewe unaweza kwenye daftari lako.

Pili, na hapa ndipo ninapowapenda vijana: simu. Wateja ambao mwasisi mwenyewe amekupa namba zao watasifu. Mtafute aliyejitoa. Kuna kampuni moja wabia wote tulikuwa tumeshaipenda, mchambuzi wetu akaingia kikaoni na maelezo ya wateja watatu walioacha kulipa. Wote watatu sababu ilikuwa moja: mfanyakazi mmoja aliyeipenda ile programu alihama kazi, na hakuna mwingine ofisini aliyeiulizia. Tulikuwa tunakaribia kununua mapenzi ya mtu mmoja mmoja tukidhani ni biashara. Hatukuwekeza. Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo, lakini tangu hapo kila dili ilipofika mezani tulimuuliza yeye amezungumza na nani. Michael Moritz alikuwa mwandishi wa habari wa jarida la Time kabla ya kuingia Sequoia, kampuni kubwa ya mtaji wa ubia, mwaka 1986, na mimi sishangai: kazi ni ile ile ya kutafuta watu na kuwauliza.

Tatu, uliza sasa, kwa maandishi, dili uliyoileta wewe itaandikwa kwa jina la nani. Na kama umeahidiwa sehemu ya mgawo wa faida, piga hesabu. Mfuko wa dola milioni 50 ukirudisha milioni 150, faida ni milioni 100, na kwa kawaida asilimia 20 huenda kwa wasimamizi, yaani milioni 20. Asilimia 1 ya hiyo ni 200,000, nayo huja mwishoni, baada ya wawekezaji kurudishiwa mtaji wao, tena usipoondoka kabla ya kutimiza muda wa kazi unaokupa haki ya sehemu hiyo.

Mwasisi wa Pili:

Naongea kutoka upande wa pili wa meza. Wakati nachangisha mtaji nilikutana na wachambuzi wengi, na ninaowakumbuka kwa jina ni wachache: wale waliosema "hapana" mapema na kunipa sababu ya kweli. Mmoja alinikatalia, kisha akaniunganisha na mtu ambaye baadaye akawa mteja wangu mkubwa. Mwasisi mwenzangu akiniuliza aanzie wapi, namtaja huyo kabla ya wabia wake. Kutoa kura huwezi, lakini kujibu barua pepe unaweza.

Mchambuzi Mpya:

Shukrani sana, hasa kwa habari ya wateja waliojitoa. Kaka Nanga, nina swali moja: hilo daftari si mali ya mfuko? Nikihama nitaondoka nalo vipi?

Nanga:

Ripoti, hesabu za kampuni na chochote waasisi walichokupa kwa siri ni vya mfuko na vinabaki huko. Usihamishe hata ukurasa mmoja, na soma mkataba wako wa ajira kabla hujaanza. Daftari lako liwe na hukumu yako tu: tarehe, sekta, ulichoamini, sababu kwa sentensi mbili tatu, bila namba zao za ndani. Kisha mwombe mbia mmoja mlipitie pamoja kila nusu mwaka. Chagua yule anayekubishia zaidi kikaoni, kwa sababu siku mwajiri mwingine akimpigia simu kuuliza habari zako, atakuwa amesoma fikra zako mwenyewe na ataweza kuzieleza. Umeshaanza kuandika hata moja?

Mchambuzi Mpya:

Naanza na ile waliyoikataa Jumatatu. Bado naamini walipaswa kuikubali, na sababu ninazo.