Naomba ushauri: German Shepherd wangu hakui

Wakuu, habari za leo. Niko Tegeta, nina jike la German Shepherd. Ana miezi 8, ukimwona utadhani 3. Manyoya bado yale laini ya kitoto, shingoni yanapukutika na ngozi inabaki nyeusi. Dawa ya minyoo kapewa, msosi anapiga vizuri tu.

Daktari wa mifugo anahisi tezi ya pituitari (iliyo chini ya ubongo) haitoi homoni ya ukuaji. Ni la kurithi: wazazi wazima kabisa, kumbe wote wamebeba jeni ya LHX3 yenye hitilafu. Na aliyeniuzia anataka kuwapandisha tena walewale, hasikii!

Hapa Dar nani anapima IGF-1 (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya homoni ya ukuaji) na thairoksini (homoni ya tezi ya shingoni) za mbwa? Homoni ya ukuaji ya nguruwe, inayofanana kabisa na ya mbwa, inapatikana?