Tupeane uzoefu: nani aliwahi kubishiwa hodi na watu wa Vinsenti au Karitas ya parokia?

Mama Maandazi

Habari zenu wakuu. Nasema wale waumini Wakatoliki wanaosaidia maskini wa parokia. Kuna mjadala umepita hapa juzi, mtu anasema misaada ya kanisa inaishia kwa padre na jamaa zake. Sitaki kubishana naye, labda kwake ndivyo ilivyo. Naomba tu wale iliowafika waseme ilivyowafika. Naanza mimi.

2021, Kihonda, Morogoro. Mume wangu seremala, akapigwa kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Miezi mitatu tukala randa, msumeno, mwishoni hata mbao alizoachiwa na wateja. Mimi mlangoni kwa jumuiya, kile kikundi cha sala cha Wakatoliki majirani, siendi, nakwepa kwa sababu kila Jumamosi kuna mchango na sina. Kumbe kukosekana kwangu ndiko kulikonisema. Mwenyekiti wa jumuiya alipeleka jina letu bila kuniuliza.

Jumamosi moja jioni wakaja wawili, mama mtu mzima na kijana wa kiume. Hawana sare wala beji. Nikawakaribisha, wakakaa kwenye ndoo maana viti vilishauzwa. Yule mama akaongea habari za mvua, za mihogo, za mgonjwa, halafu akauliza taratibu, "Leo mmekula nini?" Nikajibu haraka, wali na maharage. Mwanangu wa miaka mitano akadakia: "Mama, si tumekunywa uji?" Nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama hakucheka wala hakunionea huruma usoni. Akasema, "Uji na sisi tumekunywa."

Wiki iliyofuata wakaleta sembe, mafuta, sabuni ya mche. Kikubwa zaidi wakatulipia bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, 30,000 kwa kaya ya watu sita, mume akaanza mazoezi ya viungo hospitali ya mkoa. Mwezi wa pili nikawaomba mtaji. Hela mkononi hawakunipa, na nilinuna kwelikweli. Walininunulia karai, jiko la mkaa, mfuko wa ngano, hamira na mafuta. Nikajisemea, hawa wananiona mlevi au? Leo nawaelewa. Ingekuwa taslimu, mwenye nyumba angeichukua yote siku ileile, nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi minne.

Haya, mwingine.

Kipanga wa Milimani

Mimi Mwislamu, tuko Tabora. Bibi yangu alikuwa anaishi peke yake jirani na parokia, macho hayaoni. Watu wa parokia walikuwa wanamletea maji na kuni. Wajomba walihofia bibi anabatizwa kimyakimya. Akafa Mwislamu, akazikwa na Waislamu, na wale wa kuni walikuja msibani wakakaa nje na wanaume wengine. Sina zaidi.

Mzee wa Sanduku

Mwenye mada asante. Nimo kwenye Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo tangu 2009, naomba nieleze kidogo, maana hata waumini wengi wanadhani ni kwaya.

Kilianzia Paris mwaka 1833. Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa chuo, miaka 20. Vijana wenzake wasioamini walikuwa wakimkejeli: ukristo wako zamani ulifanya makubwa, leo unafanya nini? Akakosa jibu la mdomo. Yeye na wenzake wachache wakaenda kwa sista mmoja, Rosalie Rendu, aliyezijua nyumba za maskini wa mtaa wa Mouffetard mlango kwa mlango, akawaonyesha pa kuanzia. Inasimuliwa kuwa mzigo wa kwanza ulikuwa kuni zao wenyewe zilizobaki. Kwa hiyo mkuu wa Tabora, bibi yako alipata huduma ya asili kabisa.

Utaratibu haujabadilika sana. Tunakwenda wawili, nyumbani kwa mtu, hatumwiti ofisini apange foleni. Wawili ni kwa sababu mmoja akidanganywa au akidanganya, yupo wa pili. Na mwanamume hawezi kwenda peke yake kwa mjane, mnajua midomo ya mtaani. Dini hatuulizi. Na majina hayatoki nje ya kikao.

Fedha? Hapa ndipo watu hudhani kuna mzungu. Mwisho wa kikao tunapitisha mfuko wa kitambaa, kila mtu anaingiza mkono uliokunjwa. Aliyeweka elfu kumi na ambaye hakuweka kitu mkono unaonekana sawa. Wapo wanachama wetu ambao nao tunawatembelea, kwa hiyo ni lazima iwe hivyo. Tunaongezea na sanduku la mlangoni mwa kanisa na mavuno ya waumini. Jumapili moja ya Januari tulihesabu mfuko ukatoa 23,000. Familia tisa zinasubiri. Sasa gawanya. Siku hizo ndizo mtu anatoka kikaoni hataki kusalimiana.

Mtoto wa Kangemi

Mzee, hiyo ya kugawanya ndiyo tuliipitia sisi upande wa kupokea. Niko Nairobi. Dada yangu mdogo aliitwa Kidato cha Kwanza, mama anafua nguo za watu Westlands, karo haiko na orodha ya vitu ni ukurasa mzima. Watu wa parokia walikuja, wakasoma barua ya shule pale pale, wakasema wazi: karo hatuwezi. Walinunua sanduku la bati, godoro na blanketi. Karo wakamsaidia mama kujaza fomu ya basari ya CDF, ule mfuko wa serikali wa eneo bunge, na kumpeleka kwa chifu kupigiwa muhuri, kwa sababu mama hajui kuandika na alikuwa ameogopa ile ofisi miaka yote. Basari ililipa nusu. Nusu nyingine tulihangaika wenyewe, dada alitumwa nyumbani mara mbili muhula huo.

Bado nashukuru. Mtu akikuambia "hii siwezi" mapema, unajua pa kutafuta.

Sina Jina Leo

Naona mnasifia tu, ngoja niharibu. Parokia sitaitaja. Tulipewa unga kilo kumi na tukaambiwa tusimame mbele ya altare baada ya misa, picha ikapigwa, jioni iko kwenye kundi la WhatsApp la parokia lenye watu mia nne. Mwanangu wa darasa la sita akakuta wenzake shuleni wanamwita "Kilo Kumi". Alikataa kwenda kanisani mwaka mzima. Unga uliisha siku nane.

Mzee wa Sanduku

Pole sana ndugu yangu. Kwetu hilo ni kosa, tena kubwa, sitalitetea. Nadhani najua linakotoka: tangu Papa Francis aanzishe Siku ya Maskini Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza Novemba 2017, parokia nyingi zinakusanya vitu vingi kwa siku moja na kila kikundi kinataka waumini waone mchango wao umefika. Wanasahau aliyesimama mbele ana watoto. Kuna njia: piga picha magunia, watu waache.

Sina Jina Leo

Magunia hayana aibu, sawa. Asante kwa kutokunibishia.

Binti Nyarugusu

Bandugu, mimi ni Mubembe wa Fizi, Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. 2016 tukaletwa Marekani, Louisville, Kentucky. Huku walotupokea ni Catholic Charities, si kikundi cha wanaparokia kama hicho chenu, hawa wana ofisi na waajiriwa, na sehemu ya fedha ilitoka kwa serikali. Lakini kubisha hodi ni kulekule.

Tulishuka usiku, baba na ndara za kambi, nje kuna theluji. Mtu wa ofisi, Mkongomani mwenzetu, alikuja na makoti kwenye mfuko mweusi wa takataka. Nyumbani tukakuta kuku na wali kwenye jiko. Msaada wa kupokelewa ulikuwa wa siku 90: nyumba, kadi ya Social Security, watoto shule, chanjo, kazi ya kwanza. Siku 90 zilikimbia! Na tiketi ya ndege ilikuwa deni, la kulipa kidogokidogo. Baba alidhani ni utani mpaka bahasha ilipofika.

Kilichotuokoa baada ya hizo siku ni mama mmoja mzee wa kujitolea. Kiswahili hajui hata neno. Alikaa na mama yangu kwenye basi, safari moja, kwenda na kurudi, mara nne, hadi mama akajua kituo cha kushukia kazini. Hakuna fomu inayoandika hiyo.

Siku hizi ni vigumu. Januari 2025 kupokea wakimbizi kulisimamishwa, na Aprili maaskofu wa Marekani wakatangaza kuwa hawataendelea na mikataba ile na serikali. Shangazi yangu bado yuko Nyarugusu.

Kipanga wa Milimani

Dah, kumfundisha mtu basi. Mwenye mada, mtu akihitaji anaanzia wapi? Nina jirani.

Mzee wa Sanduku

Amwone katibu wa jumuiya au ofisi ya parokia, aulize Vinsenti au Karitas. Kama anaona haya, nenda wewe ukamtaje. Wengi tunawajua kwa kutajwa na jirani.

Mtoto wa Kangemi

Na yule mzee seremala aliendeleaje?

Mama Maandazi

Yupo. Anatembea na gongo, mkono wa kulia bado haujarudi vizuri. Karai lile la kwanza lilitoboka, nimewawekea vifaranga maji. Saa kumi alfajiri yeye ndiye anakanda ngano, kwa mkono mmoja wa kushoto. Maandazi yanatoka yamepinda upande. Wateja wameshazoea, wengine wanayaita "ya fundi".