Stata ya Beetle inasaga, nimebadilisha stata nzima na bado. Nishaurini kabla sijashusha injini

Kijogoo66
Habari zenu wakuu. Nina Volkswagen Beetle ya 1966. Ilizaliwa na umeme wa volti 6, lakini niliyenunua kwake alishaihamishia volti 12 zamani. Mwendo mzuri, bodi halina kutu, tatizo ni kuwasha. Nikipiga stata inatoa krrrrr ya kukata tumbo, mtaa mzima unageuka. Haisagi kila mara. Inaweza kushika vizuri mara tatu, ya nne ikasaga, nikaachia ufunguo, nikarudia, ikashika kama si yenyewe.

Nimeshabadilisha stata nzima, mpya ya volti 12. Nikapata nafuu siku chache, sasa tumerudi palepale. Betri ni mpya. Fundi wa kwanza anasema flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalozungushwa na stata, imeisha meno, nishushe injini. Wa pili anasema stata niliyonunua ni feki. Mimi sasa hivi sipaki pasipo na mteremko. Naombeni ushauri.

Mtu_wa_Spana
Feki hiyo. Rudisha, chukua nyingine.

Taa Moja
Mkuu Beetle ni ya kusukumwa, stata ni pambo tu 😂

BintiFundi
Kaka, kabla hujarudisha chochote, tuambie krrrr inatokea wakati gani hasa, maana kelele za stata zinafanana ukiwa umekasirika. Ukisikia tak-tak-tak bila injini kuzunguka, hapo umeme haufiki vizuri: betri, vichwa vyake, au waya wa ethi wa gia boksi. Ukisikia stata inazunguka yenyewe kwa sauti nyembamba na injini imetulia, klachi ndogo ya pinioni, ile gia ndogo ya stata inayoshika meno ya flaiwili, inateleza. Injini ikiwa imeshawaka na kelele inaendelea, pinioni hairudi, au swichi ya ufunguo imeganda. Kusaga chuma kwa chuma kabla injini haijawaka ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kijogoo66
Ni hiyo ya mwisho, dada. Kabla ya kuwaka, chuma kwa chuma. Na hata ikishika, mara nyingine inazungusha kwa uzito kama inaburuta gunia.

BintiFundi
Basi fanya jaribio la bure. Injini ya silinda nne ikizimwa hupenda kusimama sehemu mbili zilezile za mzunguko, kwa hiyo meno ya flaiwili hulika hapo zaidi kuliko kwingine. Siku ikisaga, zima ufunguo, tia gia ya nne, sukuma gari kidogo, rudisha nyutro, piga tena. Ikishika kila ukisogeza hivyo, fundi wako wa kwanza ana hoja. Ikisaga popote, flaiwili si mtuhumiwa mkuu.

Kijogoo66
Nimejaribu siku mbili, nikawa naandika. Imesaga mara sita. Mara mbili kusogeza kulisaidia, mara nne hakukubadilisha kitu.

Mzee wa Karakana
Kijana, soma huu ujumbe taratibu, umechezea stata wakati ugonjwa uko kwenye gia boksi.

Stata nyingi zina pua ya chuma mbele, na ndani ya pua mna bushi, yaani kipete kinachoshika ncha ya shafti. Stata ya kawaida ya Beetle haina pua. Ncha ya shafti inaingia kwenye bushi ndogo ya shaba iliyopachikwa kwenye nyumba ya gia boksi yenyewe. Unaweza kubadilisha stata kumi, ile bushi inabaki palepale na uzee wake. Ikishalika, shafti inayumba, pinioni inayafuata meno ya flaiwili kiupandeupande: leo inaingia, kesho inagonga. Na huo uzito unaousikia ni huohuo: shafti ikiyumba, kiini cha stata kinakwaruza kuta za ndani na kula umeme bure. Watu wananunua betri kubwa zaidi kwa ajili ya kipande cha shaba kisichojaa kiganja.

Lakini lako lina la ziada. Flaiwili ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130, na stata zake haziingiliani hovyo. Kwa soko la Marekani volti 12 zilianza na modeli ya 1967, kwa hiyo la kwako lilizaliwa na 109. Aliyehamisha umeme alibadilisha flaiwili au aliacha? Huna haja ya kushusha injini kujua. Toa stata, chomoa plagi zote injini iwe laini, weka alama ya chaki kwenye jino moja, mtu azungushe kwa nati ya puli huku wewe unahesabu kupitia tundu la stata. Kazi ya kuchosha, msichangamkie mazungumzo.

BintiFundi
Shikamoo mzee. Naongeza: kabla ya kugusa stata, toa waya hasi wa betri. Ule waya mnene unaokaa kwenye namba 30 ya solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo juu ya stata, una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na hauna fyuzi. Na ukishainua kiti cha nyuma kufikia betri, hakikisha kifuniko chake kipo. Springi za kile kiti zikigusa vichwa vya betri, moto huo.

Mtu_wa_Spana
Mie bado nasema feki

Mzee wa Karakana
Marahaba binti. Kijana, boliti ya juu ya stata ndiyo pia inashika injini na gia boksi, na nati yake iko upande wa injini. Kichwa chake kimekatwa upande mmoja kisizunguke, kwa hiyo usihangaike kukitafutia spana. Tumia stendi, usilale chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake.

Kijogoo66
Wakuu nimerudi, mikono myeusi.

Meno ni 130. Nimehesabu mara mbili, ya kwanza nilipata 128 nikaingiwa na hofu. Yana mikwaruzo kwenye kingo za mbele, hakuna lililovunjika. Ndani ya nyumba ya gia boksi kuna alama za kusagwa na mashine, bila shaka jamaa alipanua nafasi ili flaiwili kubwa ipite. Yaani flaiwili alibadilisha.

Sasa bushi. Nimeingiza ncha ya shafti ya stata mpya kwa mkono, inacheza kama kijiko ndani ya kikombe. Tundu si duara tena, limekuwa yai. Hata upande ambao haujalika ni pana kuliko shafti.

Mzee wa Karakana
Hapo umemkamata. Alibadilisha flaiwili, akaweka stata ya volti 12, akaiacha bushi ya volti 6. Shafti hizo hazilingani unene. Kuna bushi iliyotengenezwa kwa hali yako hasa: nje inakaa kwenye gia boksi ya volti 6, ndani inapokea shafti ya volti 12. Pima vyote kwa kalipa kabla ya kuagiza, usiende kwa kukadiria.

Kuitoa ya zamani, kata uzi ndani yake kwa tapu, kisha ing'oe kwa boliti. Usiichimbe kwa bisibisi, utaumiza nyumba. Mpya usiigonge ikiwa kavu. Shaba ile ina vinyweleo: ziba upande mmoja kwa kidole, jaza oili, kandamiza kwa dole gumba mpaka uone nje inatoka jasho. Ndipo uipachike.

Kijogoo66
Imeingia leo asubuhi. Tapu ilifanya kazi, ingawa nilivunja moja kwanza kwa pupa. Ile ya jasho sikuamini mpaka nilipoiona. Kingo za meno nimezipitisha tupa kidogo. Nimepiga stata mara ishirini, moto na baridi: krrr hakuna, na inazungusha kwa wepesi ambao sijawahi kuusikia tangu nilinunue. Asanteni sana, hasa mzee na BintiFundi.

Taa Moja
Sasa tutasukuma nini

Mzee wa Karakana
Ile stata uliyoitoa mwanzo usiitupe. Iangalie pinioni na brashi zake, ukizikuta nzima ipake grisi na uifunge kwenye nailoni. Pinioni ukiisafisha usiitumbukize kwenye petroli, itaosha grisi ya klachi ya ndani.

Kijogoo66
Nilishampa Mtu_wa_Spana nilipodhani imekufa 😅

Mtu_wa_Spana
Iko kwenye gari langu mwezi wa pili sasa. Inapiga vizuri tu.