Mrejesho: Naxos na watoto, bila gari

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama familia inaweza kukaa ufukweni Naxos, kisiwa cha Ugiriki, bila kukodi gari. Inawezekana. Tulifikia ufukwe wa Agios Prokopios kama mlivyonishauri: mchanga wa chembe nene usioganda mwilini, na basi la kwenda mjini Chora lipo. Kutoka Agios Prokopios tulitembea kwa miguu hadi Agia Anna, kisha Plaka, ufukwe wa kilomita 4 hivi. Watoto hawakutaka kurudi!

Upepo ndio ulitushinda. Mliniambia niepuke Agosti kwa sababu ya meltemi, upepo mkali wa kaskazini unaovuma huko majira ya joto, lakini likizo ya shule ilinibana. Siku mbili mchanga ulitupiga usoni, tukahamia Agios Georgios, jirani na mji, kwenye maji ya kina kifupi. Aliyenitajia huko, Mungu akubariki.